Wavu na Chusa Katika Obiti ya Dunia

Chombo cha RemoveDEBRIS, kilichoundwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kiliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Juni 2018 ili kujaribu njia za kuondoa setilaiti mfu kwenye obiti ya chini, ambamo taka huizunguka Dunia kwa kasi inayozidi kilomita 7 kwa sekunde, hata kipande kidogo kikaweza kuharibu setilaiti nzima. Septemba 2018 kilirusha wavu, ukanasa shabaha iliyotolewa na chombo chenyewe. Februari 2019 chusa, yaani mkuki wenye kamba, lilitoboa bamba la majaribio. Mafanikio hayo, ya kwanza ya aina yake obitini, yana uzito mkubwa. Hata hivyo, tanga lake, lililokusudiwa kukinza hewa hafifu na kukishusha chombo haraka kikaungue angani, halikufunguka ilivyotarajiwa.