Askari na Rangi za Maji: James Grant katika Vita vya Unyanyembe

Katika Uingereza ya karne ya 19, picha ya vita ilikuwa na soko na heshima yake. Elizabeth Thompson, ambaye baadaye aliitwa Lady Butler, alipata umaarufu mkubwa mwaka 1874 kwa mchoro wake wa askari wakiitwa majina baada ya pigano la Vita vya Crimea. Watu walisongamana kuutazama, na Malkia Victoria akaununua. Walakin bibi huyo hakuwahi kushuhudia pigano hata moja. Alisimamisha watu waliovishwa sare mbele yake, akasikiliza na masimulizi ya waliokuwapo.

Kando ya mchoraji huyo wa vita asiyeviona vita, inafaa tumweke mwingine aliyekuwa kinyume chake: askari aliyevijua vita, akafika Tabora vita vikiwaka, na brashi yake ikaelekea kwengine. Huyo ni James Augustus Grant.

Grant alizaliwa Nairn, Uskochi, mwaka 1827. Mwaka 1846 aliingia jeshi la India. Akawa katika mazingiwa ya Multan na pigano la Gujrat, na mwaka 1857 akajeruhiwa vibaya mkono wa kulia huko Lucknow. Alipotua Unguja Agosti 1860 pamoja na John Hanning Speke, safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile, alikuja na kamera. Kazi ya kusafisha picha ndani ya hema lenye joto kali ilimwelemea, ikaachwa. Zikabaki penseli na rangi za maji.

Januari 1861 msafara uliwasili Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu ambayo leo yamo katika mji wa Tabora. Mtemi Fundikira alikuwa amekwisha kufariki, na Mnwa Sele aliyemrithi alikosana na Waarabu kwa sababu ya ushuru wa bidhaa. Waarabu wakamtoa, wakamweka Mkasiwa. Mnwa Sele hakukubali: alihama huku na huko na wapiganaji wake, akizisumbua njia za misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Mwaka ule ule wa 1861 mapigano yalimchukua Snay bin Amir, tajiri aliyemkaribisha Richard Burton hapo Kazeh mwaka 1857. Speke alijaribu kupatanisha, asifanikiwe.

Vita na njaa viliwakosesha wapagazi, na wageni wakakwama Unyamwezi kwa miezi. Grant aliugua homa. Na Septemba, msafara aliouongoza ulivamiwa na kuporwa na watu wa mtemi Myonga. Hakukosa, basi, mambo ya kutisha ya kuchora. Hata hivyo, wingi wa michoro yake si wa mapigano. Ni watu na kazi zao, nyumba, wanyama, na mimea aliyoichunguza kwa makini hata orodha yake ikaja kuchapishwa na Linnean Society ya London katika miaka ya 1870.

Michoro hiyo haikuwafikia wasomaji kama ilivyotoka mkononi mwake. Katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863, ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, msanii wa Kijerumani aliyefanya kazi London, kisha ikachongwa kwa ajili ya kupigwa chapa. Kwa hiyo sura ya Unyamwezi iliyoenea Ulaya ilipita katika mikono mingine kabla ya kuonekana.

Vita vyenyewe tumeachiwa kwa maneno, tena kwa lugha yetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkwe wa Fundikira, alivisimulia katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Nathari yake ni kavu, haina pambo: nani alikwenda, nani alikufa, pembe ngapi zilipatikana. Mrima nao ulimpata Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyevitungia utenzi vita vya Wadachi. Hapo ndipo ulipo ukumbi wetu wa picha za vita.

Lakini masimulizi ya vita hukumbuka majina ya wakubwa. Mtwangaji, mpagazi na mvunaji hupita bila kutajwa, ilhali wao ndio waliolipa gharama kwa njaa. Grant, kwa macho ya mgeni na kwa mapungufu yote ya mgeni, aliwatazama hao. Maneno ya Tippu Tip na rangi za Grant, kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake.

Rangi hizo zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi. Kijana wa Isevya, aliyezaliwa ndani ya mji huo huo ulioikalisha misafara, ana haki ya kuziona bila kuvuka bahari. Nakala zake zikitundikwa katika tembe la Kwihara, ambalo tayari ni makumbusho ya Livingstone, nyumba hiyo itakuwa imewakumbuka na wenyeji waliomlisha mgeni.