Jenny Lind, Mwimbaji Aliyepotewa na Sauti Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa mwimbaji huzaliwa na uimbaji wake. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Uswidi, jina lake Jenny Lind. Huyu alisifiwa katika Ulaya na Amerika zaidi ya miaka 150 iliyopita. Walakini kabla ya kupata sifa zake kubwa, sauti yake iliharibika hata ikawa kama imekufa.

Kwanza yafaa tuijue kazi yake. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa badala ya kusemwa. Wapigaji wa fidla, filimbi na tarumbeta huketi mbele ya jukwaa, pengine hamsini au zaidi, na mwimbaji hana budi kusikiwa juu ya vyombo hivyo vyote, hata na watu wa viti vya nyuma kabisa. Siku zile hapakuwa na chombo cha kukuza sauti. Mwanamke mwenye sauti ya juu, ile tuiitayo soprano katika kwaya zetu, ndiye mara nyingi apewaye sehemu ya mwanamke mkuu wa hadithi. Kazi hiyo ni ngumu kama kazi ya jembe.

Jenny Lind alizaliwa katika mji wa Stockholm tarehe 6 Oktoba mwaka 1820. Wazazi wake walikuwa hawajaoana, na nyumbani hamkuwa na mali. Mama yake alipata riziki kwa kufundisha wasichana. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa akimwimbia paka wake, na mtumishi wa mchezaji mmoja wa jumba la opera la mfalme akapita akamsikia. Mtumishi akampasha bibi yake habari. Mtoto akaitwa, akaimba, na mwaka 1830 akapokewa katika shule ya jumba lile, akasomeshwa kwa gharama ya serikali.

Tarehe 7 Machi mwaka 1838, akiwa na miaka 17, aliimba sehemu ya Agathe katika opera ya Weber iitwayo Der Freischütz. Watu walimshangilia mno. Yeye mwenyewe aliiheshimu tarehe hiyo maisha yake yote, kana kwamba amezaliwa mara ya pili. Basi tangu siku ile akapewa sehemu moja baada ya nyingine, na mwaka 1840 akafanywa mwimbaji wa baraza la mfalme.

Lakini hapo ndipo hatari ilipokuwa. Ndani ya koo la mtu mna kanda mbili ndogo za nyama. Pumzi itokapo mapafuni huzitikisa, na mtikisiko huo ndio sauti. Soprano aimbapo juu sana, kanda hizo hutikisika zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Mtu akizitumia vizuri hazidhuriki upesi; akizilazimisha kwa kukaza koo, huvimba na sauti hukwaruza. Jenny aliimba mara nyingi kupita kiasi, na mafundisho aliyopata hayakumtosha. Kufika mwaka 1841 sauti ilikuwa imechoka kabisa.

Akafunga safari kwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kumtafuta Bwana Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu mashuhuri wa uimbaji. Akaimba mbele yake, na sauti ikamkatikia. Mwalimu akamwambia waziwazi ya kuwa hapana faida kumfundisha, kwa maana hakuna sauti iliyobaki. Msichana akalia machozi, akamsihi. Ndipo García akampa sharti moja: asiimbe hata kidogo muda wa majuma sita, tena aseme kwa uchache awezavyo, kisha arudi, naye atamsikiliza tena.

Tafakarini neno hilo. Huyu alikuwa mwimbaji wa mfalme, mwenye umri wa miaka 20, na mji mzima ulimsifu. Angaliweza kurudi kwao, akajitetea, akaendelea mpaka koo likaishilia mbali. Yeye akanyamaza. Majuma sita yalipotimia akarudi, na García akaona dalili za kupona, akakubali kumfundisha. Akamwanzisha upya, kama mtoto wa darasa la kwanza: kupanda na kushuka ngazi ya sauti polepole, na kutumia pumzi bila kuipoteza. Mafundisho hayo yalichukua muda wa miezi kama kumi. Mwaka 1842 alirudi Stockholm, akaimba katika opera ya Bellini iitwayo Norma, na watu wakasikia sauti iliyo imara kuliko ile ya kwanza.

Mwalimu yule hakuacha kuchunguza. Mwaka 1854 alitumia vioo vidogo, akaziona kanda za koo lake mwenyewe zikifanya kazi, na mwaka uliofuata habari zake zikasomwa mbele ya wataalamu wa London. Kwa njia hiyo aliwafaidia waganga kadhalika na waimbaji.

Tangu hapo sifa za Jenny zilienea. Mwaka 1843 aliimba Copenhagen, na mtungaji wa hadithi Hans Christian Andersen akampenda sana, ijapokuwa yeye hakumtaka. Mwaka 1844 aliimba Berlin. Tarehe 4 Mei mwaka 1847 aliimba London mara ya kwanza, na Malkia Victoria akahudhuria. Mwaka ule ule mtungaji Verdi alikuja London kuongoza opera yake mpya, I masnadieri, na Jenny ndiye aliyeimba sehemu kuu ya mwanamke.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza watu: mwaka 1849, kabla hajatimiza miaka 29, aliacha opera kabisa, akaimba katika makusanyiko ya muziki tu. Mwaka 1850 alikwenda Marekani kwa mapatano na Bwana P. T. Barnum, aliyeahidi kumlipa dola 1,000 kwa kila usiku. Tiketi za New York ziliuzwa kwa mnada, na ya kwanza ilinunuliwa na mwuza kofia kwa dola 225. Katika mapato hayo makubwa Jenny alitoa mengi kwa maskini na kwa shule za kwao Uswidi. Kabla ya safari hiyo, Desemba 1848, alikuwa ameimba London katika Elijah, kazi ya rafiki yake marehemu Mendelssohn, ikapatikana kiasi cha paundi 1,000 za kusomesha vijana wanamuziki. Wa kwanza kusomeshwa kwa fedha hizo, mwaka 1856, alikuwa Arthur Sullivan, kijana wa miaka 14, ambaye baadaye alikuwa mtungaji mashuhuri wa Uingereza.

Mwaka 1852 aliolewa na Otto Goldschmidt, mpiga piano, wakazaa watoto watatu, wakakaa Uingereza. Mwaka 1883 akawa mwalimu wa uimbaji katika chuo kipya cha muziki cha London, akawapa wasichana yale aliyoyapata kwa taabu. Alifariki tarehe 2 Novemba mwaka 1887. Hakuna sahani ya santuri iliyobaki na sauti yake.

Basi, mwalimu wa kwaya akimwona mtoto mwenye sauti ipitayo za wenziwe, asimwimbishe kila siku mpaka ikakauka. Na mtoto naye, akiambiwa anyamaze apumzike, kisha aanze tena na ngazi ya sauti, asidhani ya kuwa ameadhibiwa.