Nyota Zinazozaliwa Nyuma ya Pazia

Ndugu msomaji, usiku wa Disemba toka nje utazame juu. Kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana ni Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurayya. Nyuma yake yaja nyota kubwa nyekundu. Wazungu waiita Aldebaran, lakini asili ya jina ni Kiarabu: Al-Dabaran, yaani mfuataji, kwa kuwa yaifuata Thurayya. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi, mwanachuoni wa Uajemi, aliandika kitabu kinachoeleza mahali pa nyota na mwangaza wake. Alitumia macho matupu, zaidi ya karne 6 kabla ya darubini.

Upande huo huo wa mbingu, katika buruji ya Thauri, kuna nyota ambazo hata darubini ya kioo haizioni. Ni nyota changa, zinazozaliwa ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi. Vumbi huzuia mwanga kama pazia. Hebu jiulize: mtoto akizaliwa chumbani, aliye nje anajuaje? Si husikia kilio! Basi mawingu hayo nayo yana kilio chake. Si sauti, bali ni mawimbi ya redio, ambayo hupenya vumbi.

Mlango huu ulifunguliwa na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Karl Jansky, mhandisi wa kampuni ya simu ya Bell huko Marekani, alikuwa akichunguza makelele yanayosumbua simu zinazovuka bahari kwa redio. Mengi yalitokana na radi. Lakini mchakacho mmoja ulirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ule ule ambao nyota hurudi mahali pake. Mwaka 1933 akatangaza kuwa watoka katikati ya galaksi yetu. Wanafalaki wengi hawakumjali. Mwaka 1937 kijana Grote Reber alijenga dishi la mita 9 na nusu uani kwao, kwa pesa zake mwenyewe, akaendelea peke yake.

Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias walielekeza darubini ya redio ya Kitt Peak, Arizona, kwenye wingu la Orion, wakanasa mawimbi ya kaboni monoksaidi. Ndiyo ile gesi ya jiko la makaa inayoua watu waliofunga madirisha! Huko juu lakini ina faida. Haidrojeni iliyojaa katika mawingu hayo ya baridi kali karibu haitoi ishara yoyote, kwa hiyo gesi hii huisemea. Mwaka 1980 Ronald Snell na wenzake waliifuata katika wingu la L1551, buruji ya Thauri, wakakuta nyota changa inarusha gesi pande mbili zinazopingana. Ajabu: yakusanya gesi ili ikue, na papo hapo yaitupa nyingine nje.

Novemba 2014 ikatolewa picha ya HL Tauri, nyota changa ya Thauri iliyo umbali wa miaka ya nuru 450 hivi. Ilipigwa na ALMA, madishi 66 yaliyo mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, jangwani Atacama, Chile. Imezungukwa na sahani ya vumbi yenye pete na mianya, dalili kwamba huenda sayari zinaumbika humo. Wengi walidhani jambo hilo huchukua muda mrefu zaidi.

Kijana mwenzangu, majina ya Kiarabu yangali mbinguni. Lakini jina halichunguzi nyota. Huchunguza yule anayeketi na hesabu na fizikia, asiyedharau hata mchakacho. Al-Dabaran ni mfuataji. Je, wewe wafuata?