Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar

Taasisi ya Sayansi za Bahari ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja, inayofanya utafiti na kusomesha shahada za uzamili na uzamivu. Ilianzishwa 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali kuvunjika.

Ratiba ya mtafiti mwanafunzi hapa huamuliwa zaidi na mwezi wa angani kuliko kalenda ya chuo. Sampuli za pwani huchukuliwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na kuacha wazi miamba, nyasi bahari na mashamba ya mwani. Saa ni chache, na maji yakianza kujaa kazi husimama. Siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, ni za darubini, takwimu, na rasimu ambazo hazimridhishi msimamizi kwa urahisi. Ghuba ya Chwaka, yenye mikoko, imechunguzwa sana. Bila nahodha anayeijua mikondo, tasnifu nyingi zisingevuka sura ya tatu.

Mwani ndio mada isiyokwisha. Kilimo chake cha biashara kilichoanza Unguja 1989 kilitanguliwa na utafiti wa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa chuo hicho. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri kuliko aina ya spinosamu, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Kuihamishia kina kirefu kunazua swali lisilo la kibiolojia: wakulima wengi ni wanawake, na wengi wao hawajui kuogelea.