Mtoto Anayekwenda Shule Peke Yake: Mkono wa Familia Katika Eneo la Tuala, Kajiado

Mtoto husemwa anakwenda shule peke yake pale anapotoka nyumbani na kufika darasani bila mtu mzima wa familia kumsindikiza. Hiyo ndiyo maana inayotumiwa sana na wachunguzi wa mambo haya. Tuala, maana hiyo inahitaji kupunguzwa kidogo. Huku, mtoto anayeonekana asubuhi akiwa mmoja kabisa njiani mara nyingi ni mtoto aliyechelewa. Wenzake wametangulia kwa makundi: dada na mdogo wake, binamu wawili, watoto wa jirani waliosubiriana langoni. Mtu mzima hayupo, lakini yupo aliyewapanga. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini mtoto huyu anatembea na yule anapakiwa kwenye van ya shule, asianze kupima umbali wa barabara. Aanze nyumbani.

Tuala iko kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, upande wa Ongata Rongai, katika nyanda zinazoendelea hadi Kitengela. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117, na imezungushiwa ua isipokuwa upande huu wa kusini, ambako mpaka ni mto Mbagathi. Mvua zinaponyesha, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda kwenye nyanda za Athi-Kapiti kutafuta nyasi, na simba huwafuata. Maana yake ni kwamba majira ambayo udongo mweusi wa huku unanata kwenye viatu hadi mguu unakuwa mzito, na vijito vinajaa, ndiyo majira yaleyale ambayo simba yuko nje ya mbuga. Mzazi aliyezaliwa hapa anaijua kalenda hiyo bila kuandikiwa. Aliyehamia juzi huifahamu mvua kwanza, simba baadaye.

Tofauti hiyo ya wenyeji na wahamiaji ndiyo ya kwanza kuangaliwa, kwa sababu inahusu malezi. Katika boma la Kimaasai mtoto hupewa kazi kwa hatua. Huanza na ndama na wana-mbuzi wanaochungwa karibu, ambapo mama anaweza kumwita akasikia. Baadaye hupewa mbuzi na kondoo, na mwisho ng'ombe. Kila hatua humsogeza mbali kidogo na nyumbani, na kila jioni huulizwa ameona nini. Mtoto wa namna hiyo akianza shule, safari si jambo geni kwake. Amekwisha kujifunza kutazama nyayo, kusikiliza mbwa, kutopita penye kichaka kinene hata kama ndipo pafupi. Richard Turere, kijana wa Kitengela aliyejulikana duniani kwa kubuni taa za kumweka za kufukuza simba usiku, alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na umri wa miaka 9, na taa hizo alizitengeneza akiwa na miaka 11. Mwaka 2013 alisimama jukwaani Marekani kuzieleza. Wengi waliona kipaji cha mtoto mmoja, na kipaji kilikuwepo kweli. Mimi naona pia familia iliyomkabidhi mtoto zizi na kumwamini nalo. Ubunifu wake ulitokana na wajibu.

Malezi hayo yasipambwe kupita kiasi. Mtoto yuleyule aliyefunzwa kusoma nyayo huenda akakosa shule wakati wa kiangazi, mifugo inapohamishwa kutafuta malisho na mikono yake inahitajika. Nyumba inayomjengea uwezo wa kutembea ndiyo inayoweza kumzuia kufika.

Kwa wahamiaji, mambo ni mengine. Wametoka Nairobi, Ukambani, Mlima Kenya, Nyanza na kwingine, wakanunua ploti au wakapanga nyumba. Wengi wao walitembea kwenda shule utotoni, tena mbali, na huwasimulia watoto wao habari hizo kila wanaposikia malalamiko. Hata hivyo, hawawaruhusu watoto wao kutembea. Huo si unafiki. Kule kijijini mama yao alijua kila boma lililokuwa njiani, na kila mtu mzima aliyekuwa njiani alijua mtoto anayepita ni wa nani. Akifanya utundu, habari zilifika nyumbani kabla yake. Huku mzazi anamjua mwenye nyumba na mwenye duka, na mengine ni malango ya chuma yaliyofungwa. Kinachompa mzazi ujasiri wa kumwachia mtoto ni watu waliopo njiani, na watu hao hahami nao.

Kisha kuna saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka muda wa masomo katika shule za kutwa kuwa saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mzazi anayefanya kazi Nairobi huondoka gizani ili asikwame kwenye foleni, na hurudi usiku. Ratiba ya mtoto na ratiba ya mzazi hazikutani popote. Hapo familia huchagua: ama mtoto aamshwe alfajiri atoke na mzazi, afike shuleni mapema kuliko mwalimu, ama abaki aamshwe na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ndiye anayeamua kila kitu. Kama kuna bibi, ambaye Wamaasai humwita kokoo, mtoto hutoka amekula na kundi lake limesubiriwa. Kama ni dada wa kazi mwenye mtoto mchanga mgongoni, atamsindikiza hadi langoni tu. Kama hakuna mtu, kazi humwangukia kifungua mimba.

Kifungua mimba anastahili kutazamwa zaidi ya anavyotazamwa. Mtoto wa miaka 10 au 11 huamsha wadogo, huwavalisha soksi, hufunga mlango, na njiani ndiye askari, mwalimu na hakimu. Yeye mwenyewe alipoanza shule alisindikizwa, kwa sababu alikuwa wa kwanza na wazazi walikuwa na hofu zote. Kitinda mimba hajawahi kusindikizwa na mtu mzima hata siku moja, na hajui kama ni jambo la kulalamikia. Ndani ya nyumba moja, kwa njia ileile, ruhusa hutolewa kwa umri tofauti kulingana na nani ametangulia kuzaliwa.

Jinsia nayo hubadilisha njia. Mvulana akiruhusiwa kutembea, familia huwa imefikiria gari na mnyama. Msichana akikatazwa, familia imefikiria watu, hasa anayemsimamisha na kumpa lifti ya bure, leo na kesho, hadi lifti inakuwa deni. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 inatoa adhabu kali kwa anayemnajisi mtoto, lakini sheria huja baada ya tendo. Jambo linalonisikitisha ni kwamba familia zilezile zinazomhofia msichana huweza kumwongezea hatari bila kukusudia. Nyumba nyingi humwachia yeye maji na vyombo vya asubuhi. Kaka yake hutoka na kundi, yeye hubaki akimalizia. Akitoka, wenzake wako mbali, na ndiye yule mtoto mmoja njiani. Kumpunguzia ndoo moja ya maji kungemrudisha kwenye kundi.

Familia pia huamua umbo la njia yenyewe, na hapa pana jambo ambalo ni nadra kuzungumzwa. Ranchi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapewa kipande chake. Vipande vikauzwa, vikagawanywa tena, vikazungushiwa ua. Kila ua ni uamuzi wa familia moja, na kwa familia hiyo una maana: unazuia mifugo, wezi na wanyama. Lakini njia za mkato ambazo watoto walizitumia zilipita katikati ya ardhi hizo. Zikizibwa, mtoto hulazimika kuzunguka hadi barabarani, penye malori ya mawe na pikipiki. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe ua wala kugawa mashamba, wanyama wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakalingana na mihula ya shule, na familia nyingi ziliyatumia kulipa karo. Ardhi iliyobaki wazi kwa ajili ya nyumbu ilibaki wazi pia kwa mtoto mwenye mkoba. Mtu anaweza kusema iliacha njia kwa simba vilevile, na atakuwa sahihi.

Hofu ya simba si hadithi ya kuogofya watoto. Tarehe 19 Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba jike katika makazi yaliyo kando ya mbuga, na mwili wake ukapatikana karibu na mto Mbagathi. Alikuwa nyumbani, hakuwa njiani kwenda shule. Lakini mzazi hatenganishi mambo hayo, wala hana sababu ya kuyatenganisha. Kama nyumbani si salama, njia itakuwaje? Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo. Hakuna mzazi anayeifikiria fidia hiyo anapofungua mlango asubuhi.

Pesa humpa mzazi njia ya kukwepa maamuzi haya yote. Mwenye uwezo hulipia van ya shule, anayefuata humlipa mtu wa boda kwa mwezi, mwingine humpeleka mtoto shule ya bweni na safari inakuwa mara tatu kwa mwaka. Siwalaumu. Ila uamuzi huo hauishii ndani ya lango lao. Uingereza, mtafiti Mayer Hillman na wenzake walilinganisha mwaka 1971 na mwaka 1990. Mwaka 1971, watoto 80 kati ya 100 wa umri wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walibaki 9 tu. Magari yaliwafanya wazazi wawaondoe watoto barabarani, na wazazi hao wakaongeza magari kwa kuwapeleka. Tuala haijafika huko. Lakini kila mtoto anayeingia kwenye van ameondoka kwenye kundi la waliokuwa wakisubiriana langoni, na kundi la saba likiwa la watatu, mama wa hao watatu naye huanza kuuliza bei ya boda.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamwekea mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria shule. Namna ya kumfikisha imebaki mikononi mwa nyumba. Mabadiliko makubwa ya karibuni yaliyogusa jambo hili yalikuja bila kulikusudia: tangu mwaka 2023 sekondari ya chini imewekwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo wanafunzi wa gredi ya 7 hadi ya 9 hubaki pale walipoanzia. Zamani mtoto mkubwa akimaliza darasa la nane aliondoka, mara nyingi kwenda bweni, na mdogo wake akabaki bila wa kumfuata. Sasa anaongeza mwaka mmoja kwenye njia ileile, akiwa na miaka 14 au 15, mrefu wa kutosha kuonekana na dereva wa lori, na nyuma yake yuko wa chekechea anayekimbia ili asiachwe.