KABLA HUJAMLIPA FUNDI WA TOVUTI, SOMA HII KWANZA

Kuna watu wameniuliza swali moja kwa nyakati tofauti: nikitaka tovuti ya biashara yangu nimtafute nani, na nimlipeje nisiliwe? Mimi sijasomea kompyuta chuo, nimeishia form four, mengine nimeokoteza kafe pale Masoko kwa kulipia nusu saa nusu saa. Ila hili nalijua kwa sababu limetuuma nyumbani. Naanza na lilivyotukuta, halafu nashusha orodha. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye namba.

LILIVYOTUKUTA

Mjomba wangu kwao ni Kikole kama mimi, ila ana gesti yake Kilwa Masoko, vyumba sita tu. Wageni wake wengi ni wale wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuona magofu, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2021 akasema anataka tovuti ili wageni wamwone kabla hawajatoka kwao. Mimi ndiye niliyemtafutia fundi, kwa hiyo lawama nyingine ni zangu.

Fundi alikuwa jamaa wa Dar, jina namhifadhia. Alitaka laki sita, akatumiwa zote siku hiyo hiyo kwa simu. Hakuna mkataba, hakuna risiti. Kazi kweli aliifanya, baada ya wiki tatu tovuti ikawa hewani na ilikuwa nzuri. Mjomba akafurahi, akachora anwani ya tovuti kwenye kibao njia panda ya Nangurukuru, akachapisha na kadi.

Mwaka 2023 muda wa lile jina ukaisha. Barua pepe za kukumbusha zilikwenda kwa fundi, siyo kwa mjomba, na fundi alishabadilisha namba ya simu. Sisi hatuna habari. Tulikuja kushtuka pale mgeni mmoja alipofika na kulalamika kwamba kaandika barua pepe mara tatu na zote zimegonga mwamba. Nikakimbilia kafe, nikafungua tovuti yetu. Nakuta kamari! Picha za mashine za kuchezea pesa, juu ya anwani ile ile iliyo kwenye kibao. Mjomba akaangalia kioo muda mrefu, akaniuliza, "Mjomba, sasa hawa watu wameingiaje nyumbani kwangu?"

Jibu lilikuwa chungu. Haikuwahi kuwa nyumba yake. Fundi alisajili jina kwa jina lake na barua pepe yake, na mjomba alikuwa mpangaji tangu siku ya kwanza bila kujua.

1. JE, TOVUTI UNAIHITAJI KWELI?

Kama unauza chipsi na wateja wako wote ni wa mtaani, ukurasa wa Facebook au Instagram na WhatsApp vinatosha. Pia kuna huduma ya bure ya Google ya kuiweka biashara kwenye ramani na saa za kazi na picha, inaitwa Google Business Profile. Anza nayo leo, haihitaji fundi. Tovuti inaleta maana pale mteja anapokutafuta kutoka mbali kabla hajakufahamu: gesti, wenye boti za kuvusha watalii, wauza vinyago, shule, wauza mbao. Huyo anataka kuona bei, picha na mahali pa kuuliza.

2. VITU VITATU USIVICHANGANYE

Kwanza ni jina la tovuti, wanaloita domeini, au kwa Kiswahili cha ofisini kikoa. Hiki ndicho kiwanja chako. Hulinunui moja kwa moja, unalilipia kwa mwaka au miaka kadhaa. Jina la .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka.

Pili ni hostingi, yaani nafasi unayopangisha kwenye kompyuta ya kampuni fulani ambayo haizimwi usiku wala mchana. Humo ndimo mafaili yako yanalala. Hii ni nyumba ya kupanga, ukichoka unahamia kwingine na kiwanja chako kinabaki chako.

Tatu ni kazi ya fundi mwenyewe: kupanga kurasa, picha na maandishi. Hapa ndipo ujuzi unalipiwa. Fundi akikutajia bei moja ya jumla, mwombe aigawe mafungu matatu. Fundi wa kweli hatakasirika.

3. JINA LIWE LAKO

Hili ndilo nililokuja kusema leo, mengine yote ni nyongeza. Fungua wewe mwenyewe akaunti kwenye kampuni ya usajili, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, ulipie wewe. Ukishamaliza, mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Hata kama hujui chochote, kaa naye kiti kwa kiti kafe mfanye pamoja, ni kazi ya nusu saa.

Ukitaka jina la Tanzania, majina ya .tz yako chini ya TCRA na yanasajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara ni .co.tz, mashirika yasiyo ya faida ni .or.tz, shule ni .sc.tz, na hoteli zina .hotel.tz. Angalizo: kusajili jina la biashara BRELA hakukupi jina la tovuti. Ni vitu viwili, na kila kimoja unakihangaikia kivyake.

Sisi wa Kikole jambo hili halitakiwi kutushinda. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC kwa misitu yao kupitia mradi wa mpingo ambao leo unaitwa MCDI, vikawa vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo huo ndio Wazungu wanatengenezea klarineti. Kilichowezesha ni Sheria ya Misitu ya 2002 inayoruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Kwanza msitu uandikwe kuwa wa kijiji, mipaka ijulikane, ndipo mnunuzi aje akate alichokubaliwa na alipe. Wazee wetu hawakuruhusu shoka liingie kabla ya karatasi. Mimi na mjomba tukaruhusu.

4. KUMPIMA FUNDI

Usiangalie maneno, angalia kazi. Mwombe anwani za tovuti tatu alizotengeneza ambazo bado ziko hewani, halafu wapigie wenye biashara hizo. Waulize swali moja tu: jina limesajiliwa kwa nani?

Zifungue tovuti hizo kwa simu ya kawaida na bando lako mwenyewe, maana wateja wengi wanatumia simu. Ikichukua muda hadi unakata tamaa, na yako itakuwa hivyo hivyo. Picha nzito ndiyo sababu ya kwanza.

Angalia kama anwani inaanza na https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba tovuti isiyo na https si salama, na mteja akiona hivyo anakimbia. Cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, kwa hiyo fundi anayekutoza hela nyingi kwa kitu hicho peke yake muulize vizuri. Vivyo hivyo programu ya WordPress yenyewe ni ya bure tangu 2003. Unamlipa fundi kwa kuijua, hakuuzii yeye.

5. KARATASI NA MALIPO

Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, ilimradi wote mmesaini. Uandikwe: kurasa ngapi, picha na maandishi anatoa nani, siku ya kumaliza, marekebisho mangapi bila malipo, na nani atailinda tovuti baada ya hapo na kwa shilingi ngapi kwa mwaka. Uandikwe pia kwamba jina, picha, mafaili na barua pepe zote ni mali ya mwenye biashara baada ya malipo kukamilika. Bila hivyo mnaweza kubishana kwa kutumia Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na hapo mwanasheria ndiye atakayekula.

Usilipe zote mwanzoni. Mgao mzuri ni theluthi kuanza, theluthi ukiona mfano, theluthi siku ya kukabidhiwa. Na wewe uwe muungwana, fundi naye ana watoto. Akikamilisha, mlipe siku hiyo hiyo.

Kama tovuti itakuwa na fomu ya kuuliza majina, simu au pasipoti za wageni, jua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwenye Tume. Usikusanye usichokihitaji.

6. SIKU YA KUKABIDHIWA

Usitoe theluthi ya mwisho kabla hujapata hivi: jina la kuingilia na neno la siri la akaunti ya domeini, la hostingi na la tovuti yenyewe, nakala ya mafaili yote kwenye flashi, na tarehe ya kulipia upya, iandike ukutani karibu na kalenda. Ingia mwenyewe mbele yake. Ukiweza kuingia, ni yako. Halafu badilisha maneno yote ya siri.

Nyie wenzangu wa kafe, hapa muwe makini. Usihifadhi neno la siri kwenye kompyuta ya kafe, hata ikikuuliza kwa upole. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha funga kivinjari. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa simu yako.

7. MAJI YAKISHAMWAGIKA

Jina la .com likiisha muda, kampuni nyingi zinatoa muda wa kulipia ambao unaweza kufika siku 45, kisha siku 30 za kukomboa kwa faini, kisha siku 5 linafutwa na kuwa la atakayewahi. Nyingine zinalipiga mnada mapema zaidi. Kwa hiyo ukigundua mapema, kimbia.

Likishachukuliwa kuna njia ya malalamiko ya kimataifa, UDRP. Ila ada yake WIPO kwa jina moja na mwamuzi mmoja ni dola 1,500, na lazima uthibitishe una haki ya alama ya biashara. Gesti ya vyumba sita itazitoa wapi? Kilichotuponyoka kilikuwa ada ya dola 15.

Mjomba alipaka chokaa kile kibao cha Nangurukuru kwa mkono wake. Sasa ana jina jipya la .co.tz, limesajiliwa kwake, na neno la siri ameliandika kwenye daftari linalokaa sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Fundi wa sasa ni kijana wa Lindi, aliposikia masharti yetu akacheka akasema ndivyo inavyotakiwa.

Mdau mwenye la kuongeza ashushe hapo chini, hasa aliyewahi kurudishiwa jina lake. Na wewe uliyekwisha kutengenezewa tovuti, usilale leo kabla hujajua limesajiliwa kwa nani.

Nawasilisha.