Bughudha ya Sumakuumeme

Miongoni mwa istilahi walizozizoea wanafizikia wetu imo hii ya mwingiliano wa sumakuumeme, ambayo fundi wa kuchomelea pale Kiranjeranje huenda hajapata kuisikia, ingawa jambo lenyewe hulitenda kila awashapo mashine. Sumakuumeme ni neno lisilo na ila: mkondo wa umeme ukibadilika huzaa sumaku, na sumaku ikibadilika huzaa umeme, na viwili hivyo vikifuatana husafiri angani kwa sura ya wimbi, basi ni haki majina yao yaunganishwe. Ninalolitilia shaka ni lile la kwanza.

Mwingiliano ni jina litokanalo na kitenzi cha kutendana. Hudai wawili, huyu amwingilie yule na yule amwingilie huyu, kama mawimbi ya bahari yakutanapo, hapa yakiongezana na pale yakiuana. Kwa maana hiyo neno ni sahihi wala halihitaji badali. Lakini mtu aketiye barazani kando ya barabara kuu iendayo Lindi, redio yake ikiwa kwenye masafa ya kati, haoni kutendana kokote: kijiti cha kuchomelea kikigusa chuma tu, sauti ya msomaji wa taarifa humezwa na mkwaruzo, taa nayo hufifia, na kijiti kikiinuliwa maneno hurudi, aghalabu habari aliyoingoja ikiwa imekwisha kupita. Mashine imeitia redio adha, ilhali redio haina uwezo wa kuilipa mashine hata chembe. Hiyo ni bughudha, neno ambalo watu wa pwani wanalo tangu zamani kwa mtu amsumbuaye mwenziwe asiyemchokoza, nami naona bughudha ya sumakuumeme ndiyo istilahi ifaayo.

Asili ya bughudha hiyo si ngeni. Heinrich Hertz, alipoyadhihirisha mawimbi haya kule Ujerumani kati ya 1886 na 1888, aliyatoa kwa cheche za umeme, na simu za upepo za awali za Marconi zilisema kwa cheche vilevile. Cheche haichagui masafa, huyapigia kelele mengi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo mitambo ya namna ile hatimaye ilikatazwa. Fundi wetu, pasipo kukusudia, anaendesha kituo cha utangazaji cha mtindo wa kale. Mashine ndogo za inveta zilizoenea siku hizi zina kelele yao nyingine, maana ndani yake umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde, na zile za argoni ziwashazo moto kwa masafa ya juu ndizo kali kuliko zote. Kufifia kwa taa ni habari mbali: hapo hakuna wimbi la angani, ila laini moja ya umeme inayogawanywa kwa nyumba nyingi na mashine moja yenye uchu.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote haiuzwi dukani. Mkondo hutoka kwenye mashine kwa waya wa kijiti na kurejea kwa waya wa ethi, na fundi mwenye haraka hukibana kibano cha ethi popote apaonapo chuma, hata ncha ya pili ya geti, nyaya zake zikiwa zimetawanyika uani kila mmoja na njia yake. Nafasi iliyo baina ya nyaya hizo ndiyo antena. Kadiri iwavyo pana, ndivyo bughudha izidivyo. Nyaya zikifungwa pamoja na kulazwa chini, sumaku ya mkondo uendao hubatilishwa na sumaku ya ule urudio. Na kibano kikisogezwa karibu na mahali panapochomelewa, mkondo hauna haja ya kuzurura. Waya uliobaki usizungushwe kuwa koili, wala usivikwe begani.

Kinyume cha bughudha wataalamu hukiita utangamano wa sumakuumeme, na hapa kutendana kumepata mahali pake, kwa kuwa chombo hutakiwa kisiudhi na pia kistahimili kuudhiwa; kiwango cha kimataifa IEC 60974-10 huzidai mashine za kuchomelea mambo yote mawili.

Hasara kubwa, hata hivyo, haiko kwenye redio. Lori lililopakia ufuta likivunjika fremu njiani huletwa kuchomelewa, na magari ya sasa yana kontroo boksi ambayo ni kompyuta kamili. Fundi mwangalifu hufungua kwanza waya hasi wa betri, akakwangua rangi na kutu kwenye fremu hadi chuma kikang'aa, akabana ethi hapo hapo karibu na ufa, kusudi mkondo usipite kwenye beringi za gurudumu wala kutafuta njia ya kurudi kupitia nyaya za kompyuta. Na dereva, hata akiwa na haraka ya kufika Lindi, asiruhusiwe kuurudisha waya wa betri na kuwasha gari kabla moto haujazimwa.